MLANGO WA AFYA: Aliyegongwa na Nyoka Hangojewi



Kila masika yanapoingia, mashimo hujaa maji, na nyoka hutoka kutafuta pakavu. Pakavu penyewe ni pale pale tunapokaa sisi: jikoni, katika banda la kuku, chini ya lundo la makumbi, na pengine chini ya mkeka. Kwa hiyo mlango wetu mara hii twaufungua kwa khabari ya nyoka, na khasa kwa swali moja ambalo kila nyumba ya Kiislamu, mjini na shamba, yapasa iwe na jibu lake kabla ya msiba kuingia: mtu akigongwa na nyoka, tufanye nini?

Wahenga walisema, mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sijapata kutafunwa na nyoka, lakini nashtuka nionapo kamba imefungwa mguuni mwa mtu. Sababu yake nitaieleza, kwani haifai kuwapa watu nasaha na kuwaficha namna nilivyojifunza.

Miaka mingi iliyopita, katika shamba letu la minazi na mikorosho kaskazini ya mji wa Bagamoyo, kijana mmoja wa jamaa zetu, umri wake miaka kumi na mitatu, alikwenda kuokota korosho jua likikaribia kuchwa. Akamkanyaga moma aliyelala katika majani makavu, naye akamgonga juu kidogo ya kifundo cha mguu. Tulimpokea akilia. Watu wazima tulikuwa wanne, na kila mmoja wetu alikuwa na elimu yake. Mmoja alileta wembe akamchanja. Wa pili alikwenda mbio kijiji cha jirani kumwita mzee mwenye jiwe la nyoka. Wa tatu alimnywesha maji ya majani. Mimi nilichukua kamba nikamfunga chini ya goti, na nilipoona yalegea nikaikaza kwa kijiti. Nilijiona mimi ndiye niliyefanya la maana kuliko wote.

Kamba ile ilikaa usiku kucha. Asubuhi mguu ulikuwa mweusi, ndipo tukatafuta gari. Daktari aliutazama, kisha akauliza, "Nani aliyefunga kamba?" Nikasema ni mimi. Hakunigombeza. Alinieleza kwa upole kwamba sumu ya moma huozesha nyama pale iliposhuka. Nasi tuliizuia sumu hiyo mahali pamoja, tukaunyima mguu damu yake usiku mzima. Nyoka alianza kazi, na kamba ikaimaliza. Mguu ule ulikatwa.

Kijana yule leo ni mtu mzima mwenye watoto. Ananiita ami, wala hajapata kunilaumu hata siku moja. Haya ninayoyaandika ni sehemu ya deni lake.

Basi neno langu kwa mwezi huu ni moja, nalo nitalirudia mpaka mwisho: nyumbani hapana dawa ya sumu ya nyoka. Dawa ipo hospitali. Kazi ya nyumbani ni mbili tu, kumtuliza mgonjwa na kumfikisha upesi.

NYOKA WA PWANI YETU

Si kila nyoka ana sumu. Wengi tuwaonao mashambani hula panya, vyura na mijusi, wala hawana la kutudhuru. Ukukwi, yule mwembamba wa kijani, hana sumu ya kumdhuru mtu. Chatu naye hana sumu, ingawa meno yake hukata na nguvu zake zaogofya. Lakini wapo wachache ambao sharti tuwajue.

Wa kwanza ni moma, ambaye wengine humwita kifutu au bafe. Ni mnene, mfupi, mwenye kichwa kipana. Tabia yake ni kutokimbia. Hulala kimya akiitegemea rangi yake, isiyotofautika na majani makavu, na ndiyo maana hukanyagwa. Sumu yake huvimbisha, hutoa malengelenge, huozesha nyama, na yaweza kuiharibu damu isigande. Mara nyingi haimwui mtu upesi. Huchukua saa nyingi au hata siku kadhaa. Muda huo ndio rehema tuliyopewa, nao ndio tuupotezao.

Wa pili ni swila, yaani fira atemaye mate. Huyu huirusha sumu yake machoni mwa mtu aliye mbali naye hatua mbili au tatu. Na asipotema huuma, na sumu yake huozesha nyama kama ya moma. Huingia majumbani usiku kufuata panya, na watu wengine hugongwa naye wakiwa usingizini.

Wa tatu ni koboko, na ndugu yake mamba wa kijani, ambaye makao yake ni miembe, mikorosho na minazi ya pwani hii, kutoka Kenya mpaka Msumbiji. Sumu yao huishika mishipa ya fahamu. Mgonjwa huona ganzi midomoni, hutoka jasho na mate mengi, kope humlegea, ulimi huwa mzito, na mwisho pumzi humwishia. Koboko aweza kumwua mtu kwa saa chache. Na hatari yake ni kuwa jeraha huwa dogo na pengine halivimbi sana, hata watu wa nyumbani wakasema, "Alhamdulillahi, hakuumia."

Wa nne ni ngole, nyoka wa mitini mwenye macho makubwa. Si mgomvi, lakini sumu yake ina hila: hukawia. Mtu hujiona mzima saa nyingi, kisha damu huanza kumtoka katika ufizi, puani na katika mkojo. Mwaka 1957, katika mji wa Chicago, mtaalamu mkubwa wa nyoka aitwaye Karl Schmidt aligongwa kidoleni na ngole mdogo. Alidhani kuwa sumu iliyomwingia ni kidogo mno. Akarudi nyumbani kwake, akaandika dalili zake moja baada ya moja, na siku ya pili yake akafa. Ikiwa mtu aliyewajua nyoka umri wake wote alidanganyika, sisi tunaohukumu kwa mwanga wa kibatari tutajiamini vipi?

KWA NINI JIWE LAONEKANA KUFAA

Najua msomaji mmoja atasema: "Bwana mwandishi, mimi nimemwona kwa macho yangu mtu aliyewekewa jiwe akapona." Na mimi nimemwona. Tusiwaite watu waongo. Tulitazame jambo lenyewe.

Shirika la Afya la Ulimwengu lakadiria ya kuwa kila mwaka watu wapatao milioni 5.4 duniani hugongwa na nyoka. Lakini wanaoingiwa na sumu ni kati ya milioni 1.8 na milioni 2.7. Maana yake ni kwamba nusu ya waliogongwa, au zaidi, hawakupata sumu. Ama nyoka hakuwa na sumu, ama alikuwa nayo asiitoe, kwani nyoka huiweka sumu yake kwa ajili ya mawindo. Basi watu kumi wakipelekwa kwa mzee mwenye jiwe, watano au sita watapona hata kama angewawekea kifungo cha shati. Hao ndio watakaorudi kumsifu. Wale wengine hawarudi kusema neno.

Jiwe lenyewe, kwa kawaida, ni kipande cha mfupa uliochomwa. Hunata juu ya jeraha kwa sababu hunyonya majimaji, na likishiba huanguka. Wataalamu walilipima, wasione kuwa laiondoa sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Na wembe vivyo hivyo: huongeza jeraha juu ya jeraha, nao ni hatari kubwa kwa mtu ambaye damu yake haigandi. Kufyonza kwa mdomo, kumwagia mafuta ya taa, kuunguza kwa moto, kumnywesha mtu maziwa mpaka atapike, yote hayo hayana faida. Hasara yao kubwa ni kuwa hula saa.

Na hasara ya saa tumeioneshwa kwa hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vijiji vilivyo karibu na mji wa Damak, mashariki ya nchi ya Nepal, watu walifundishwa jambo moja, na vijana wenye pikipiki wakajitolea: mtu akigongwa na nyoka, apakiwe mara moja katikati ya dereva na mtu wa kumshika, apelekwe penye dawa. Kabla ya hapo, katika kila watu mia waliogongwa na nyoka walikuwa wakifa kumi na zaidi. Baada ya hapo hakufa hata mmoja kamili katika mia. Hesabu ilishuka kutoka 10.5 hadi 0.5. Madaktari wale hawakuzua dawa mpya. Waliifupisha njia tu.

LA KUFANYA

Sasa na tuyataje kwa utaratibu, na msomaji ayakate makala haya akipenda, ayabandike ukutani.

1. Mwondoe mtu mbele ya nyoka. Usimfukuze nyoka wala usijaribu kumwua. Watu wengi hugongwa katika kufanya hivyo. Itazame rangi yake na ukubwa wake ikiwa waweza kwa salama. Mwenye simu aweza kumpiga picha kwa mbali. Kichwa cha nyoka aliyekatwa nacho usikishike, kwani huweza kuuma bado.

2. Mlaze mgonjwa na umtulize. Mwambie kwa kweli kwamba wengi waliogongwa na nyoka hupona, na kwamba dawa ipo. Asitembee wala asikimbie, kwani mwendo huisambaza sumu. Abebwe.

3. Vua upesi pete, bangili, vikuku, saa, kiatu na nguo ya kubana, kabla uvimbe haujaanza. Akina mama waangalie sana vikuku vya watoto.

4. Kiungo kilichogongwa kisitikisike. Kifungie kibao au fimbo kwa kitambaa au leso, kama afungwavyo mtu aliyevunjika, bila ya kukaza.

5. Usifunge kamba. Ewe ndugu yangu, usifunge kamba. Iko namna ya bendeji pana ambayo watu waliofunzwa huitumia kwa nyoka wa jinsi ya koboko, lakini hiyo si kamba, wala si kazi ya asiyefunzwa. Na ukimkuta mgonjwa amekwisha fungwa kwa nguvu, usiifungue kamba kwa ghafula njiani. Mwahi kwa daktari aifungue mwenyewe dawa ikiwa tayari.

6. Usichanje, usifyonze, usipake kitu, usitie barafu. Kwa maumivu apewe parasitamoli. Asipewe aspirini, kwani huzidisha kutoka damu.

7. Mgonjwa akitapika au akilegea, mlaze kwa ubavu wa kushoto ili asisongwe na matapishi. Pumzi ikikatika, mpulizie kinywa kwa kinywa, wala usichoke mpaka mfike. Sumu ya koboko huulegeza mwili wote na kuyafunga macho, lakini mgonjwa huenda yu macho ndani yake na asikia kila neno. Basi msimlilie kilio cha maiti naye yu hai. Msemesheni, na mumsomee.

8. Andika saa aliyogongwa, na kila dalili na saa yake. Kikaratasi hicho kitamsaidia sana daktari.

Haya yote yasichukue zaidi ya dakika chache. Gari likiwapo mlangoni na kibao hakijapatikana, ondokeni bila kibao.

Ama swila akikutemea machoni, usiyafikiche. Yafumbue na uyaoshe kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, mtu mwingine akiyamimina taratibu. Maji yakikosekana, maziwa yafaa kwa kuoshea. Usitie ndimu, wala mkojo, wala maji ya majani. Kisha nenda kwa daktari ingawa maumivu yamepungua, kwani kioo cha jicho chaweza kuwa kimechubuka, na kidonda kikiachwa, jicho huweza kupofuka.

YANAYOKUWA HOSPITALI

Mara nyingi watu huogopa kwenda kwa sababu hawajui watakutana na nini. Daktari au mwuguzi atapima pumzi, atatazama uvimbe na macho, na pengine atachukua damu kidogo, aitie katika chupa kavu ya kioo, na kuiacha dakika 20. Ikiwa damu bado ni maji baada ya muda huo, amejua kwamba sumu imeiharibu.

Dawa yenyewe ilivumbuliwa zamani. Mwaka 1894, katika mji wa Paris, Albert Calmette, na kwa upande wao Césaire Phisalix na Gabriel Bertrand, walionyesha kwamba mnyama akizoezwa sumu ya nyoka kidogo kidogo, damu yake hufanya kinga, na kinga hiyo yaweza kumkinga mwingine. Mpaka leo nyingi ya dawa hizo hutengenezwa kwa farasi: hudungwa sumu kwa kipimo asichodhurika nacho, kisha hutolewa sehemu ya damu yake, ikasafishwa. Na baadaye Vital Brazil, daktari wa Brazil, alionyesha kuwa dawa ya nyoka wa jinsi moja huenda isimfae aliyegongwa na nyoka wa jinsi nyingine. Ndiyo maana daktari huuliza nyoka alikuwa namna gani. Lakini usihangaike kumtafuta nyoka, kwani ziko dawa zinazowafaa nyoka wa jinsi nyingi kwa pamoja, na dalili za mgonjwa nazo humwongoza daktari.

Dawa hii hutiwa kwa mshipa wa damu, tena mahali palipo na wauguzi, kwa sababu baadhi ya watu miili yao huikataa kwa ghafula, wakahitaji kusaidiwa papo hapo. Kwa hiyo si dawa ya kununua na kuweka kabatini. Na wazazi wajue jambo hili: mtoto hupewa dawa kiasi kile kile cha mtu mzima, kwa kuwa nyoka hakumpunguzia sumu kwa udogo wake. Mwili mdogo wenye sumu ile ile una hatari kubwa zaidi. Basi mtoto awahiwe kuliko wote. Na aliyegongwa akawa hana dalili yoyote asirudi nyumbani upesi. Na akubali kulazwa angalau siku moja. Kumbuka khabari ya ngole.

Kuna neno chungu ambalo sitalificha. Dawa hii ni ghali, na zahanati ndogo nyingi hazinayo. Dawa moja iliyotegemewa sana katika Afrika, iitwayo Fav-Afrique, kiwanda chake cha Ufaransa kiliacha kuitengeneza mwaka 2014, na akiba ya mwisho ilipitwa na muda wake mwezi wa Juni, 2016. Mwaka 2017 Shirika la Afya la Ulimwengu liliyaingiza madhara ya sumu ya nyoka katika maradhi yaliyosahauliwa ambayo sharti yatiliwe mkazo, na mwaka 2019 likaweka shabaha ya kupunguza vifo na ulemavu wake kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Vifo hivyo hukadiriwa kuwa kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na wanaobaki na ulemavu, mfano wa kijana wetu, ni mara tatu ya hao. Wengi wao ni wakulima, wachungaji na watoto, ambao kelele zao hazifiki mbali.

Wapo waliofanya jitihada. Huko Watamu, katika pwani ya Kenya, shamba la nyoka la Bio-Ken, lililoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe na mkewe Sanda, limejulikana kwa kuwafundisha watu na kuwasaidia waliogongwa. Lakini sisi wa Bagamoyo, Zinga, Kaole, Mlingotini na Kiwangwa hatuwezi kungoja msaada wa Watamu. Yatupasa tuulize wenyewe, leo, kabla ya msiba: Je, dawa ipo hospitali yetu ya wilaya? Ikiwa haipo, iko wapi? Kutoka Bagamoyo mpaka Dar es Salaam ni kiasi cha kilomita 70. Mwenye kujua anakokwenda ataifika Muhimbili kwa saa chache. Asiyejua atapoteza usiku mzima akibisha milango.

NA KISOMO JE?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi kuliko yote, nalo lastahili jibu la heshima. Kumsomea mgonjwa ni sunna iliyothibiti. Kila mwanafunzi wa chuoni ajua khabari ya Abu Said al-Khudri (r.a.), jinsi yeye na wenzake walivyokuwa safarini, mkuu wa kabila moja akagongwa na mdudu mwenye sumu, akasomewa Alhamdu, akapona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Hatulipingi hilo, na wala hapana daktari mwenye akili atakayekukataza kumsomea mgonjwa wako.

Lakini Mtume yule yule (s.a.w.) alituamrisha tujitibu, na alimfundisha yule Bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo ategemee. Kisomo hakihitaji mgonjwa alale nyumbani. Mdomo waweza kusoma na magurudumu yakazunguka. Msomeeni garini, msomeeni juu ya machela, msomeeni kando ya kitanda cha hospitali mpaka alfajiri. Lisilofaa ni kumweka mgonjwa uani kwa kisomo hali dawa iko mwendo wa saa moja, kisha akifa tukasema ni kadari. Kadari ni kweli. Lakini na uzembe nao ni kweli, na kila mmoja wetu ataulizwa juu ya alichokiacha.

KINGA

Kinga ni rahisi, na nyingi yake iko mikononi mwa wenye nyumba. Panya ndio wamwitao nyoka. Basi nafaka na ifunikwe, na makombo yasilale jikoni. Makumbi, matofali na kuni visilundikwe karibu na ukuta. Majani yafyekwe kuzunguka nyumba. Wakati wa kulala, chandarua kishushwe na kuchomekwa chini ya godoro au mkeka pande zote. Kilichokuja kwa ajili ya mbu humzuia na nyoka. Watoto wasilazwe sakafuni ikiwa kitanda au hata kichanja chapatikana.

Mwenda shamba avae viatu vya mpira vilivyopanda, naye achokoe majani kwa fimbo kabla ya kutia mkono. Waokota korosho na wavuna mananasi walikumbuke hili khasa. Mkono usiingizwe katika shimo wala chini ya gogo.

Na atokaye usiku, awe ni mama aendaye msalani au mzee aendaye msikitini kwa sala ya alfajiri, asitoke bila ya viatu na kurunzi. Tuna tabia ya kusema, "Njia hii naijua hata nikifumba macho." Njia waijua, aliyelala juu yake humjui.

LA MWISHO

Nawaomba jambo moja kabla ya kukutana tena mwezi ujao. Kila msikiti una kamati yake. Ijumaa moja, baada ya sala, kamati na iandike katika ubao: hospitali gani ina dawa ya sumu ya nyoka, majina na simu za watu wawili wenye gari au pikipiki watakaokubali kuamshwa usiku, na nani ashikaye fedha kidogo za mafuta, ili asiwepo mtu wa kungoja mpaka kuku auzwe. Madereva wetu wa pikipiki ni vijana wa hapa hapa, wakielezwa, watafanya. Kazi hiyo haimalizi saa moja.

Usiku ule wa korosho, jirani yetu alikuwa na gari. Hakuna hata mmoja katika sisi wanne aliyekumbuka kumwamsha.

Mwenyezi Mungu atulinde sisi na watoto wetu na shari ya kila chenye sumu, na atupe akili ya kuifanyia haraka ile iliyo haki yake kufanyiwa haraka. Amin.